Saa ya Kungumanga

Batuli Mhina aliinuka kitini, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akaishika saa, akaiweka, akainuka tena. Angekuwa kuku, wangesema anatafuta pa kutagia. Kwa kuwa alikuwa msanifu, na msanifu wa kutegemewa, wenzake katika karakana ya Injinia Semboja walisema anafikiri, wakampisha njia.

Nje, king'ora cha saa tano kilikuwa kimekwisha kulia na Tanga nzima imejifungia. Tangu jua lilipoanza kuangusha watu barabarani, sheria ilikuwa moja kwa tajiri na kwa maskini: kutoka saa tano asubuhi mpaka saa kumi alasiri hakuna kuvuka kizingiti. Watu waliuita mfungo wa jua. Mfungo usio na futari, walisema, na kila aliyesema alidhani amelitunga yeye. Walilala mpaka usingizi ukawachoka wao. Waligombana, wakapatana, wakagombana upya kwa jambo lilelile. Wazee walihesabu boriti za dari. Ukitaka kujua kwa nini ile saa juu ya meza ya Batuli ilikuwa inangojwa na mji mzima, anzia hapo.

Haikufanana na saa. Haikuwa na mishale wala tarakimu wala kioo. Ganda lake lilikuwa la kauri ya rangi ya kahawia, limerefuka kidogo kama kungumanga iliyotolewa kwenye tunda, na juu yake umetandazwa wavu mwekundu wa madini, umejipindapinda na kuacha mianya, vile basibasi, ule utando wake mwekundu, inavyoikumbatia kungumanga yenyewe. Wavu huo ulishuka pande mbili ukawa ndio mkanda. Uso wa saa ulikuwa ni mgongo wa ganda, na mgongoni mlikuwa na matuta kumi na mawili membamba. Tuta la saa moja lilivimba jua likishachomoza, la saa mbili likafuata, na kadhalika mpaka giza, kisha yakaanza upya. Hukuhitaji kuitazama. Ulipitisha kidole gumba, ukajua saa.

Umbo hilo Batuli alilitoa kwenye mfuko wa shati la baba yake. Mzee Mhina hakunywa kahawa bila kuikwaruzia kungumanga, na hakumwamini mtu kuhusu kungumanga, kwa hiyo alitembea na yake. Alipokuwa hana la kufanya aliisugua kwa kidole gumba, miaka nenda miaka rudi, mpaka ikawa laini kama sabuni iliyotumika. Batuli alipoiazima ili aichonge mfano wake, mzee alimtolea macho. "Unaniibia kungumanga yangu ukawauzie watu?" alisema. "Haya, nenda. Lakini urudishe." Aliirudisha. Mwezi huohuo mzee akafa, na waosha maiti wakaikuta mfukoni.

"Bado unaipapasa?" Injinia Semboja aliingia bila kubisha, kama desturi yake. Alikuwa mtu mrefu, mkarimu, mwenye haraka hata akiwa amekaa. "Jumatatu umbo mama liko kiwandani, dada. Likishaingia kwenye tanuri lile, zinatoka elfu kwa elfu. Usiniambie kuna tuta halijakupendeza."

"Yamenipendeza yote, Injinia."

"Sasa una nini?"

Batuli hakujua ana nini. "Kesho mama anatoka eda," alisema. "Nakwenda kumvua ile ya kwake."

Uso wa Semboja ukang'aa. "Mpe salamu zangu. Mwambie hakuna mtu hata mmoja duniani aliyeivaa miezi minne isipokuwa yeye. Bi Tunu ndiye ushahidi wetu."

Ushahidi wenyewe ulikuwa huu. Chini ya ganda palikuwa na sahani nyembamba kama ganda la kitunguu, iliyolala juu ya mshipa wa kifundo cha mkono. Semboja ndiye aliyeivumbua. Alipenda kueleza kwamba ubongo hauna saa, una karani tu, na karani huyo anahesabu mapigo ya damu yanapopita, kisha anaandika: zimepita nyingi, zimepita chache. Sahani ilimlaghai karani. Mapigo manne yakipita, yeye anahesabu moja. Mvaaji hakulala wala hakulewa. Alikula, akasali, akaongea na watu, hakukosa kitu. Ila urefu wa muda ulimpungukia, na mfungo mzima wa jua ukapita kama saa moja na ushei. Watu wa matangazo walikuwa wameshaipatia maneno ya kubandika mjini: *Heri bila subira.*

Batuli alikuwa ameijaribu mara moja. Alifumba na kufumbua, king'ora cha saa kumi kikalia, akacheka peke yake kwa furaha. Baadaye alijaribu kukumbuka alifikiri nini muda wote ule, akakumbuka kidogo sana. Hakulijali.

*

Siku ya saba baada ya mazishi, Bi Tunu alimwita Batuli chumbani na kumwambia jambo ambalo hakuwahi kumsikia mama yake akisema kuhusu kitu chochote. Alisema hawezi. "Miezi minne na siku kumi, mwanangu, humu, nakitazama kitanda chake. Sitafika. Ile saa yenu ya kufupisha, nipunguzie nayo."

Ikaanza mizozo. Shangazi Mwajabu, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa msimamizi wa eda ile, na Shangazi Mwajabu hakuwa mtu wa kupitiwa na jambo. Alikuja, akaiweka saa kiganjani, akaigeuzageuza kama anayenunua samaki. "Mwenye eda havai pambo," alisema. "Hii ni pambo. Tena zuri. Ndilo tatizo lake."

Batuli hakukubali kushindwa. Alirudi karakana akatengeneza nyingine kwa ajili ya mama tu. Aliuondoa wavu mwekundu. Aliifuta kauri mng'ao wake mpaka ikafifia. Badala ya mkanda wa madini akafunga utepe wa kitambaa cheupe cha marekani, na akapanga ivaliwe upande wa ndani wa mkono, chini ya mkono wa nguo, pasipoonekana na mtu. Alihangaika na ile saa ya mjane kuliko alivyohangaika na saa ya soko. Shangazi Mwajabu aliipapasa, akatafuta kosa, akalikosa. "Hapo sawa," alisema. "Hapo hapana pambo." Batuli alijivunia kibali hicho kuliko sifa zote alizowahi kupewa kazini.

Na saa ilifanya kazi. Kila alipokwenda kumwona, mama ametulia, amekula, anasoma Kurani yake. "Siku zinakwenda kama maji, mwanangu," alisema. Majirani walimsifu kwa subira. Shangazi Mwajabu mwenyewe alikiri kwamba kaka yake ameacha mke wa shoka. Batuli akarudi kwenye matuta yake akiwa na moyo mweupe.

Basi asubuhi ya kutoka eda wanawake walikuja alfajiri, maana lazima kila mmoja awe kwake kabla ya king'ora. Waliandaa maji ya kuoga. Wakaleta kanga mpya ambazo bado zinakwaruza, udi, na kikapu cha asmini. Jikoni kulikuwa na vicheko vya watu waliokwisha kulia zamani na sasa wanataka chai. Batuli alifungua utepe wa marekani mkononi mwa mama yake. Ngozi ya pale ilikuwa imepauka. Aliitia saa mfukoni, akambusu mama yake kiganja, akamwachia Shangazi Mwajabu amwogeshe.

Bi Tunu alitoka bafuni amevikwa kanga, akakalishwa mkekani. Mtu akaleta chetezo. Mtu mwingine akatania kwamba bibi harusi amerudi, na wanawake wakaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" alisema Bi Tunu.

Walidhani anatania naye. Wakacheka zaidi.

"Nauliza mnacheka nini? Baba Batuli hata arobaini hajamaliza kaburini, mnacheka ndani ya nyumba yake?"

Chetezo kikawekwa chini. Shangazi Mwajabu akapiga magoti mbele yake. "Wifi Tunu. Wifi yangu. Eda imekwisha. Ni miezi minne na kumi."

"Najua ni miezi minne na kumi! Mimi si mwehu, nimezihesabu zote." Alijigonga kichwani kwa kidole. "Huku najua." Kisha akajigonga kifuani, kwa ngumi, mara mbili, kwa nguvu iliyowatisha. "Huku tumemzika juzi. Nimekaa nikingoja ipungue. Mliniambia inapungua siku hata siku. Mbona iko palepale? Mbona iko vilevile?"

Akalia. Hakulia kilio cha mtu anayekumbuka; alilia kile kilio cha siku yenyewe, cha jeneza kunyanyuliwa, kile ambacho mwenyewe hakisikii. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na waliokuja kunywa chai wakajikuta wanalia upya, mmoja baada ya mwingine, huku kanga mpya zikilowa na asmini zikikanyagwa.

Batuli alisimama mlangoni, mkono mfukoni, ameshika ile saa. Alitamani ardhi immeze. Alikuwa ameyaona machozi yale mara moja tu maishani, na alidhani amemsaidia mama yake kuyapita. Kumbe alimfungia ndani yake, akamwekea mlinzi mlangoni.

Wanawake walipoondoka, Shangazi Mwajabu alibaki akiokota asmini moja moja. Alionekana mzee ghafla. "Tuliulizana kuhusu pambo," alisema bila kumtazama Batuli. "Mimi na ukali wangu wote. Tuliulizana kuhusu pambo siku nzima, hatukuulizana kuhusu siku zenyewe zina kazi gani."

*

"Mpe wiki," alisema Injinia Semboja. "Ni mshtuko. Karani amerudishiwa kalamu yake, anashangaa."

"Nimempa siku tatu. Haamki kitandani."

Walikuwa karakana, mfungo wa jua umeanza, hakuna wa kutoka. Batuli alizunguka meza kubwa kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Semboja alikaa, akimfuata kwa macho.

"Nisikilize, dada. Sahani inageuzika. Ukiigeuza, karani anahesabu manne pale lilipopita moja. Mama yako anaweza kuukaa msiba wake wote kwa mwezi na siku chache. Tumlipe alichokosa, yaishe."

"Unasema kama umemvunjia sahani ya jikoni."

Sauti ya Semboja sasa ilikuwa ya mtu mwingine. "Unajua kwa nini niliitengeneza? Si kwa ajili ya mfungo wa jua. Mfungo wa jua ni soko tu. Mdogo wangu Stumai alilipukiwa na mtungi wa gesi. Kila asubuhi walimbadilisha bandeji, na kila asubuhi alianza kulia kabla muuguzi hajafika mlangoni, kwa sababu alijua urefu wa kazi inayokuja. Dawa za maumivu walimpa mpaka wakaogopa kuongeza. Nilimvalisha sahani ya kwanza, mbaya, ya nyaya na plasta. Akaniambia, kaka, leo wamewahi kumaliza. Sasa wewe niambie niitupe. Niambie, mimi nitakwenda kumwambia Stumai na wenzake waliomo wodini."

Batuli alisimama. Angependa sana Semboja awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

"Sisemi uitupe."

"Basi? Kisu hakiachi kufuliwa kwa sababu kimemkata mtu."

"Kisu kikikukata kinakuuma, Injinia. Unatoa mkono." Alikuwa anaongea polepole, maana wazo lilikuwa linamjia huku anaongea. "Hii haiumi. Ilimkata mama miezi minne, naye anasema siku zinakwenda kama maji. Na si sahani yako iliyofanya apendezwe nayo hivyo. Sahani yako ilikuwa nyaya na plasta, mtu yeyote angeivua ikimaliza kazi. Ni mimi niliyeilainisha. Ni mimi niliyeifanya mtu asahau kwamba ameivaa."

Aliichukua kungumanga ya baba yake, aliyoitembeza mfukoni tangu mazishi. Kisha akaichukua ile ya kauri. Akazipitisha kidole gumba zote mbili. Zilikuwa laini sawasawa. Lakini ulaini wa ile ya mzee ulikuwa na miaka ndani yake, asubuhi zote zile za kahawa. Wa kwake ulitoka kwenye msasa, kazi ya mchana mmoja.

"Matuta yanainuka na kushuka," alisema. "Yanaweza kuinuka yasishuke?"

"Yanaweza. Kwa nini?"

"Niyachonge meno. Madogo, yamelala ndani ya tuta. Kila saa utakayomkatia mtu, yanatoka kidogo. Kidogo sana. Stumai akivaa kwa ajili ya bandeji yake, hatahisi kitu. Akivua, yanarudi ndani, lakini kwa mwendo wa saa zilezile alizokatiwa, si kwa haraka. Asiyevua, yanaendelea kutoka. Kwa siku mbili tatu ni ukwaruzo. Kwa wiki ni stafeli. Mama yangu analala ameweka mkono chini ya shavu. Asingefika wiki."

Semboja alicheka, kisha akaona Batuli hacheki. "Tumetangaza saa laini. Watu wa mjini wanataka kumaliza mfungo wa jua kila siku ya Mungu, mwaka mzima. Wataivaa saa inayowachoma?"

"Wale wa kila siku, hapana."

"Hao ndio wanunuzi, Batuli! Wodi zote za nchi hii hazijazi tanuri lile hata mara moja. Soko likikosekana, hata Stumai hapati." Aliinuka, akaenda mlangoni, akakumbuka king'ora, akarudi. Kwa mara ya kwanza wote wawili walikuwa wanazunguka meza moja. "Jumatatu asubuhi nakuja kwenu kulichukua umbo mama. Lile lililokubaliwa. Ukinipa jingine, mkataba umekwisha, na sitakuwa na la kukusaidia. Nakuambia kwa sababu nakuheshimu."

Ndiyo shida ya kufungiwa pamoja kwenye mfungo wa jua: baada ya maneno kama yale bado walilazimika kukaa chumba kimoja mpaka saa kumi, wakipeana chumvi ya mihogo.

*

Alifanyia kazi nyumbani kwa mama, sebuleni, mchana wa Jumamosi na wa Jumapili, mapazia yamefungwa na feni inalia. Bi Tunu alikuwa amelala chumbani, mlango wazi. Kila mama alipougulia, Batuli aliacha kichongeo, akaenda, akasimama, akakuta ameshanyamaza, akarudi. Meno mawili yalivunjika akayaanza upya.

Jumapili mama alitoka mwenyewe, amejifunga kanga vibaya, akakaa kwenye kiti cha mzee. Batuli akamweleza habari ya sahani inayogeuzwa. Alimweleza kwa uaminifu, bila kumvuta upande wowote: mwezi na siku chache, na atakuwa ameulia msiba wote.

Bi Tunu alimtazama. "Mlinipunguza," alisema. "Sasa mnataka kuniongeza. Mimi ni uji?"

Batuli akacheka na kulia kwa pamoja. Mama yake hakucheka, lakini aliiweka kanga yake sawa, na hilo lilikuwa jambo la kwanza alilolifanya kwa ajili ya nafsi yake tangu siku ile.

"Unisamehe, mama."

"Mimi ndiye niliyeiomba. Tusinyang'anyane kosa, ilhali liko la kututosha wote." Akainyooshea kidole meza. "Hilo ni nini?"

"Ni saa. Inayouma."

"Ah," alisema Bi Tunu, kama mtu aliyeambiwa kwamba kumepikwa wali. Akarudi kulala.

Jumatatu Injinia Semboja alichelewa njiani, na alipobisha hodi king'ora kilikuwa kinalia nyuma yake. Ilibidi aingie, na akishaingia ndiyo basi. Alivua viatu, akamwamkia Bi Tunu shikamoo, akakaa ncha ya kochi akiwa amekumbatia mkoba wake. Bi Tunu alimwitikia kutoka kwenye kiti cha mzee. Juu ya meza ndogo palikuwa na kitambaa, na juu ya kitambaa umbo moja.

"Liko wapi lile lililokubaliwa?" aliuliza Semboja.

"Jikoni."

Alikwenda mwenyewe. Alirudi ameshika kinu kidogo cha viungo. Ndani yake mlikuwa na unga wa kauri na vipande vya wavu mwekundu. Alikaa nacho mapajani kama mtu aliyepewa chakula asichokijua.

"Miezi yote ile," alisema. "Batuli. Miezi yote ile ya kazi."

"Naijua, Injinia. Nilikuwemo." Sauti yake haikutoka sawa. Aliipenda ile saa. Alipoitwanga alifumba macho. "Afadhali nilivunje mwenyewe kuliko kukupa, halafu nikae nasubiri kina mama wa mji huu watolewe eda."

Batuli alipiga magoti mbele ya meza, akaifungua ile saa ya mjane, ile ya utepe wa marekani, akatoa sahani yake. Sahani ilikuwa na kumbukumbu ya kila saa iliyokata. Hilo Semboja mwenyewe ndiye aliyelitia, kwa ajili ya ushahidi. Akaipachika chini ya ganda jipya.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha matuta yakaanza kutambaa. Meno yalitoka kwenye tuta la saa moja, la saa mbili, la saa tatu, yakaendelea, tuta kwa tuta, mchana na usiku wake, wiki juu ya wiki, mpaka ile kungumanga ikatoweka na mahali pake pakawa na kitu cha miiba mirefu pande zote, ambacho mtu hangeweza kukivaa hata kwa dakika. Feni ilizunguka. Semboja alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi. Ushahidi wake hakuwahi kuuona kwa macho.

Bi Tunu alinyoosha mkono.

"Itakuchoma, mama."

"Lete."

Aliipokea kiganjani. Akaipima uzito. Akafunga vidole vyake juu yake polepole, akakaza, na Batuli akaona vifundo vya vidole vikibadilika rangi. Hakumzuia. Bi Tunu alipumua kwa nguvu kupitia puani, akakaza tena.

"Kumbe ni mengi hivi," alisema.

"Ni mengi, mama."

"Kumbe ulikuwa msiba mkubwa hivi, mwanangu, mimi nikapewa kijisehemu." Machozi yalikuwa yanateremka, lakini hayakuwa yale ya siku ya asmini. Haya alikuwa anayasikia mwenyewe. Alifungua kiganja; alama za meno zilikuwa zimekaa humo safu kwa safu, nyekundu. Akaziangalia bila kuzifuta. "Iache hivi hivi. Mtu asije akailainisha."

Semboja alikiweka kinu chini. Alinyoosha kidole gumba, kwa adabu, kama anayeomba ruhusa, akagusa ncha ya jino moja kiganjani mwa mwanamke yule. Alikirudisha kidole haraka akakitia mdomoni. Aliposema, hakumtazama Batuli.

"Stumai akivaa asubuhi moja, unaniapia meno hayatoki?"

"Atasikia tuta tu."

Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa, akauweka mkoba sakafuni. Alitazama saa yake ya kawaida, akatazama mlango uliofungwa na mwanga mweupe uliokuwa ukisukuma chini yake. Hapakuwa na pa kwenda. Yule mtu wa haraka alikuwa amefungiwa mfungo mzima katika nyumba ya msiba, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kitu mkononi cha kuupunguza.

Bi Tunu alijipangusa uso kwa upindo wa kanga. "Ulimjua mume wangu, baba?"

"Hapana, mama. Sikubahatika."

"Batuli, tia kahawa. Ulete na ile kungumanga ya baba yako, najua unayo." Akaegemea kiti cha mzee, akakunja miguu. "Kaa vizuri, baba, nikuhadithie. Mpaka saa kumi bado mbali."